Maelekezo kwa Dereva wa Lori la Mchele

Sikia, Ussi, usikate simu.
Ukishapita Mtoni njoo polepole
mpaka Bububu, penye kituo.
Usimuulize mtu kituo cha nini.
Gari la moshi halijafika hapo
tangu babu yangu hajaingia jandoni,
lakini hakuna aliyesema limeghairi.

Hapo pinda kulia, ufuate reli.
Najua hakuna reli. Ifuate hivyo hivyo:
kijia kilichonyooka kama kimepigwa rula,
kisicho na adabu, kinakata viwanja vya watu.
Migomba ya kushoto imeota juu ya kokoto zake,
ndiyo maana ndizi zake kavu.

Utaiona nyumba ya Bi Mize.
Kizingiti chake ni taruma,
mti mweusi, tundu za misumari zimebaki mbili.
Kila mgeni humwambia:
"Inua mguu, hapa hupita dude la moto."
Mwamkie. Asipoitika, keshakuona.

Kisha kisima kilichofukiwa.
Kisha duka la Jivraj, limefungwa;
kufuli lake hutiwa mafuta kila Rajabu
na sijapata kumjua anayelitia.

Ndipo ghala lenyewe,
refu, limeinama kidogo upande wa kibla,
mabati rangi ya chai ya mkandaa.
Ukinusa karafuu usishangae.
Hazijaingia humo tangu enzi za frasila;
kuta hazijapewa habari.

Nyuma ya mlango ipo chaki ya babu:
magunia kwa matano matano,
vijiti vinne, na mstari wa kuvikata.
Fungu la mwisho lina vinne tu.
Wako wasemao la tano liliibwa.
Wako wasemao karani aliitwa kula,
na wali ulikuwa wa nazi.
Mimi nalipwa kulinda, si kuhukumu.
Nikifagia hulikwepa fungu hilo:
sifuti, siongezi.

Haya. Unaleta mia mbili.
Wachukuzi wawili, watatu kama Pandu hajaenda mazikoni.
Tutashusha, tutapanga, utatia saini, utakunywa maji.

Lakini likizidi gunia moja, Ussi,
maana bandarini huhesabu mbio mbio,
usiliandike kwanza.
Nionyeshe tu, nilione limesimama mlangoni.
Nina kipande cha chaki mfukoni
tangu Mfunguo Tatu ya mwaka juzi,
na mkono, siku hizi, umeanza kunitetemeka.