Saa Hasi Moja

Reli walinistaafisha na saa ya ukutani,
ikafa betri kabla kiinua mgongo hakijaingia.
Nikanunua kompyuta ya mtumba, Barabara ya Kumi na Mbili:
herufi M imefutika, feni inakoroma kama mimi.

Miaka thelathini na moja nilisoma chuma kwa nyundo.
Gonga gurudumu, sikiliza: lenye ufa haliimbi.
Lugha hii haigongeki.
Nimesahau kufunga mabano mstari wa nne,
yenyewe inalalamikia wa tisa,
kama marehemu Shekivuli, aumwe mguu, ashike kiuno.

“Mwenzio Kibwana kafuga kuku,” asema Mwanamkasi.
Nami nafuga sifuri.

Kazi ndogo: saa ya mashine igeuke saa yetu.
Toa sita, basi.
Saba ikawa moja, nane ikawa mbili,
nikajisifu, nikaagiza kahawa.
Alfajiri naamka kutawadha, kioo kimeandika
SAA HASI MOJA.

Nilisimama na birika mkononi.
Saa ambayo siku yake bado haijatungwa mimba!
Nilicheka hadi Mwanamkasi akanigusa paji la uso.

Mjukuu angenipa jibu kwa simu. Sikumpigia.
Siku ya tatu, sokoni Mgandini,
muuza dagaa ananihesabia chenji,
nikapiga kelele: baki!
Jumlisha kumi na mbili, gawa kwa hiyo hiyo, shika baki.
Dagaa nilizisahau.

Sasa inasema kweli, kumi na moja alfajiri.
Ila jua likichomoza tu, inaandika sifuri.
Hilo kosa nalijua, sijaligusa.
Sijawahi kuianza siku bila deni la jana.