Sabini na Moja kwa Mia

Valdivia mvua haibishi hodi.
Imeingia tangu mwezi wa tano, imekaa,
tumeizoea kama mpangaji asiyelipa.
Maabara yetu ina ndoo mbili:
moja ya kukinga dari, nyingine ya Baltasar,
anayetupia humo hesabu zilizomshinda.

Nasomea uzamili. Mwaka wa pili,
na miezi minne ya kuombewa muda.
Nafunza mashine kusikia msumeno wa mnyororo
msituni, usiku, mbali, ndani ya mvua,
walinzi wajue ni wapi mti wa kale unaangushwa kwa wizi.
Ukiieleza haraka, ni kazi ya heshima.
Ukiikalia, ni faili elfu kumi na nne za sauti
nami nazibandika majina, moja moja:
mvua. mvua. mbwa. mvua. ndege. mvua.
msumeno.
mvua.

Misumeno ilikuwa haba. Wezi hawaachi nakala.
Nikampigia baba.
Baba huuza kuni, kwa kibali,
na kibali amekitia fremu juu ya jiko,
kando ya picha yangu ya mahafali.
Jumapili tatu tukapanda kilimani,
nikaficha vinasa sauti kwenye mianzi,
naye akakata mikaratusi,
akisimama kila mara kuuliza:
"Nikate kama mwizi, au nikate kama mimi?"

Mwezi wa nane mashine ikapata tisini na saba kwa mia.
Profesa Oyarzo akavua miwani.
Kwake hicho ni kigelegele.

Usiku wa Alhamisi, saa nane,
kwa kucheza tu, kwa kukosa usingizi,
nikaisikilizisha msumeno wa jirani,
mpya, wa njano, mlio wake kama nyigu.
Ikasema: mvua.
Nikarudia.
Mvua.
Nikaiwekea wa baba, kilomita nzima, katikati ya radi:
msumeno, ikasema, bila kusita.

Nikafungua mafaili, nikayaona mwenyewe.
Baba huku kwenye mafunzo,
baba kule kwenye mtihani.
Mwanafunzi wangu alikuwa ameuona mtihani jana yake.
Msumeno hakuujua ni nini.
Alijua kikohozi cha msumeno mmoja,
wenye bolti iliyolegea
ambayo baba huifunga kwa waya tangu nikiwa darasa la kwanza.

Na mimi je? Mimi pia ndio niliojua.
Ulipokohoa, alikuwa hai kilimani.
Uliponyamaza, nilihesabu hadi mia sita,
na ikifika mia sita mlango ukafunguka.

"Nani atajua?" Baltasar akauliza,
si kwa ubaya. Alikuwa ananipa koti lake.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema,
na yangu ilikuwa imebakiza kurasa sita.

Ijumaa nikamwambia profesa.
Akavaa miwani.
"Mtoe," akasema.

Nikamtoa baba.
Faili mia tatu na kumi na mbili.
Amri moja ingetosha, mstari mmoja wa programu;
nikazitoa kwa mkono, nikisikiliza kila moja hadi mwisho,
na katika ya mia mbili na kitu
anapiga chafya, anacheka peke yake,
anamwambia mtu asiyekuwepo, "Haya, tuendelee."

Mashine ikafunzwa upya siku mbili.
Sabini na moja.
Nikaiandika hivyo hivyo, kwa wino wa kawaida.

Jumapili akaja na kuni za mwezi, mikono inanuka petroli.
Akazipanga ukutani, kavu ndani, mbichi nje.
"Bado inanisikia, hiyo mashine yako?"

"Haikujui tena, baba.
Sasa inajifunza wengine."

Akatia gogo jikoni. Akalitazama likishika moto.
"Basi vizuri," akasema.
"Mimi nina kibali."