Ngiri

Daktari kaandika: ngiri.
Baba akacheka hadi akashika kinena.
"Ngiri wa Mkunya wamenimalizia mihogo,
huyu mmoja kaingilia wapi?"

Ukuta wa tumbo umechoka, nikamwambia,
utumbo umepata upenyo.
Magunia ya korosho, miaka thelathini begani.

Tiba: kupasuliwa.
Hapo akanyamaza. Kwake hupasuliwa kuni.
Nesi Nambunga akainama:
"Tunafungua, tunarudisha, tunashona."
"Mshono gani?"
"Wa kawaida, Mzee."
"Basi usiwe na marinda."

Ganzi aliijua:
mguu aliokalia usiku kucha
akilinda shamba, debe tupu mkononi.

Fomu ya ridhaa nilimsomea mwenyewe.
Penye "hatari" nikaharakisha.
"Hapo," akasema. "Rudia."
Nikarudia.
Akatia dole gumba, wino wa zambarau.

Saa tano wakamtoa kwa machela,
midomo mikavu, macho hayajarudi yote.
"Somoe, yule mnyama…
wamemtoa, au wamemfungia humo humo?"

Bandeji ilikuwa ndogo kuliko kiganja changu.
"Wameziba ua, Baba."

Akafikiri kidogo.
"Kwa miti gani?"
Kisha usingizi ukamchukua.