Daftari la Mbwa, Mabogini

Tulianza saa mbili usiku, kwa sababu minyoo ile
ina tabia ya wezi: mchana kutwa hujibana mapafuni,
giza likitanda hupanda hadi chini ya ngozi
na kusubiri mbu aifungulie mlango.
Na mbu hapa hachelewi. Majaruba yamejaa maji ya Njoro,
mpunga una wiki tatu, vyura wanabishana,
mlima umejifunika na haujali.

Daktari Mshiu ameshika sindano. Mimi kalamu.
Jina la mbwa, umri, rangi, mwenye mbwa:
kazi ya mtoto, nilidhani,
hadi nilipogundua kuwa huku mbwa haitwi, anatumwa.

"Jina?"
"Mtajiju."
"Huyu?"
"Wivu."
"Na huyu mwenye kidonda sikioni?"
"Semeni Mchoke."
Bi Nakiete akalisogeza jike lake jeusi mezani,
akatamka polepole ili foleni nzima isikie:
"Sina Neno."
Foleni ikatazama viatu vyake.

Manyoya ya mguu wa mbele yananyolewa upana wa shilingi,
mililita mbili, kichupa cha kifuniko cha zambarau.
Wanaolia kabla ya kuguswa ni wale wale
wanaotisha wapita njia.
Fundi Msangi wa baiskeli anasimama mbali,
kamba ya katani hatua sita kati yake na mbwa wake.
"Nampenda sana," anatuambia, "ila nina udhu."

Saa nne kasoro. Hadubini juu ya meza ya ofisi ya skimu,
taa inakula betri ya pikipiki.
Tone la mbwa aitwaye Deni
(baba mwenye nyumba alimchukua kwa debe la mahindi
ambalo mpaka leo halijapimwa).
Daktari anaacha kuzungumza. Ananipisha.
Nafumba jicho moja:
chembe nyekundu zimetandazwa kama mchele kwenye ungo,
na zinaruka, zinarukaruka,
wala hakuna mkono unaopepeta.
Ni uzi.
Uzi hai, unajinyonga na kujinyoosha
katikati ya damu ya Deni.

Anaeli wa darasa la tano, ndiye aliyemleta,
anauliza swali lisilo na kisanduku kwenye fomu:
"Mbu akishashiba kwa Deni, anaenda kwa nani?"

Mama yake akagusa kope.
Machi, baada ya mvua ya kwanza, kitu kilitembea pale,
chini ya ngozi, kutoka pembe ya jicho
hadi karibu na pua, usiku mmoja.
Wakasema jicho hilo limetazamwa.
Hawakutaja mtu; waligeuza tu shingo upande wa uzio.
Wiki ile ile jike jeusi likapata jina.

Daktari hakuzunguka. "Humfikia binadamu, mara chache.
Mnyoo hupotea njia ndani yetu. Hauzai.
Lakini unatembea."

Nakiete akaomba achungulie.
Aliinama juu ya lenzi muda wa kuchemsha chai.
"Kumbe ni wewe," akauambia ule uzi,
kwa sauti ya mtu anayempokea mgeni
aliyekuwa akisubiriwa miezi saba.
Kisha akampisha mama Anaeli. Hakumtazama.
Alimpisha tu, akamsogezea kigoda kwa mguu.

Asubuhi tukigawa dawa alinijia na jike lake.
Damu yake safi, halina kitu.
"Kwenye daftari," alisema, "futa jina."
"Niandike nani?"
"Acha kwanza. Bado nafikiri."

Nikafuta. Mstari wa thelathini na moja
una umri, una rangi, una mwenye mbwa,
na nafasi nyeupe
iliyosimamisha masikio.