Makaa Juu ya Mfuniko

Mikono yangu ina magamba.
Siyo ya samaki: ni matone ya mafuta
ya miaka ishirini na sita pale Nyawera,
kila tone na siku yake. Hili la mwaka tuliokimbia,
hili la wiki aliyozaliwa Ntakwinja,
nikarudi kwenye karai kabla kitovu chake hakijakauka.

Kisha muuguzi akanifunga mkono kwa kile kitambaa kinachovimba,
akasoma namba, akazisoma tena,
akasema: Mama Ntakwinja, mafuta hapana. Chumvi, kidogo.
Kama vile ameniambia niache jina langu.

Basi leo alfajiri nimeshuka Muhanzi,
matope mekundu, kandambili mkononi.
Mitumbwi ilikuwa inaingia, mitatu mitatu, imefungwa kwa miti,
sambaza ndani waking'aa kama misumari mipya.
Sikuwataka. Nilimtaka tilapia mmoja wa Zihindula
aliyekuwa bado anapigapiga mkia katika beseni.
Jicho, safi. Shavu nikalifunua: jekundu.
Tukabishana bei mpaka jua likachomoza upande wa Kamembe.

Tanuri sina.
Umeme ukija, huja kama mgeni mwenye haraka.
Nina mbabula, nina sufuria aliyoniachia dada yangu,
nina vijiwe vitatu vya mtoni vya kuweka chini
ili samaki asiguse chuma.
Jani la mgomba nimelipitisha juu ya moto
likalainika, likapata rangi ya chupa.
Ndani yake: samaki aliyechanjwa mara tatu kila ubavu,
limao, tangawizi, kitunguu saumu, seleri na mabua yake,
nyanya moja iliyoanza kuchoka.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la chumvi.
Nikauita. Ukarudi na punje chache kwenye ncha za vidole,
kama mtoto aliyeiba sukari.

Nikafunga. Nikafunika.
Makaa mengine chini, mengine juu ya mfuniko,
halafu nikakaa.

Hapo ndipo penye kazi: kukaa.
Kikaango hakikuachi. Kikaango ni mtoto mchanga,
kinalia, kinatema, kinataka ugeuze, ugeuze.
Sufuria hii ilinyamaza kama mtu anayehesabu pesa.
Nikafua mashati mawili ya shule, kola na makwapa,
hicho ndicho kipimo cha muda nilicho nacho,
na katika kimya kile nikaisikia nyumba yangu:
bati likijinyoosha kwa joto,
panya darini akivuta kitu kizito kuliko yeye,
na Balagizi, mume wangu, kule chumbani,
akifuata redio kwa mluzi
bila kukosea, hata pale pagumu.

Sikujua anaweza kupiga mluzi.

Akatoka. "Samaki gani huyu asiyelia motoni?"
Nikakata kamba. Mvuke ukapanda
na harufu ya jani, ya limao, na chini yake kabisa
kitu nilichokijua zamani, kabla ya mafuta:
ziwa asubuhi, pale pembeni penye mawe,
nilipokuwa nikitumwa maji.
Nyama ikauachia mfupa bila kulazimishwa.
Balagizi akala ubavu mmoja, kimya.
Akamega bugali, akafuta mchuzi kwenye jani.
Kisha akauliza, bila kunitazama,
kichwa ni cha nani.

Sitadanganya.
Kesho nitarudi Nyawera na karai langu,
nitakaanga, mafuta yatanitemea kama kawaida,
maana minervali hailipwi kwa mvuke
na wateja wangu huvutwa na ile sauti tangu barabarani.
Lakini jioni, nikishanawa,
nitaweka tena makaa juu ya mfuniko
na kutega sikio,
nijue kama mtu huyu ana wimbo mwingine.