Muhtasari wa Mkutano wa Mwaloni

Kwa mujibu wa daftari, mkutano ulifunguliwa saa nane kamili.
Kwa mujibu wa jua ilikuwa saa tisa na nusu,
dagaa wamekauka upande mmoja,
kina mama wa Kayenze wameshageuza kichanja cha pili,
ndipo gari la Mheshimiwa likateremka na vumbi lake.

Waliohudhuria: mia mbili na kumi na wanne.
Sikuwahesabu bata,
wala watoto waliojaa kwenye mtumbwi mbovu kama abiria halali.

Mheshimiwa Nkwimba Lugembe alisimama, akafuta miwani,
akatusomea miezi minne ya Dodoma:
maswali ya msingi tisa, ya nyongeza kumi na mawili.
Kivuko: Serikali inalitambua hilo.
Taa za mwaloni: mchakato unaendelea.
Zahanati: fedha zitakapopatikana.
Tukapiga makofi ya adabu,
mkono mmoja pajani,
maana mwingine ulikuwa unafukuza nzi.

Akasema ziwa litafungwa tena, mwezi mzima, samaki wapumzike.
"Na matumbo nayo yapumzike?" ikauliza sauti ya nyuma.
Nimeandika: Wananchi waliomba ufafanuzi.

Halafu akafika kwenye bima.
Hapo sauti ilibadilika, nakiri,
ikawa ya mtu anayekuonyesha mwanawe wa kwanza.
Alisema alitamka "ndiyo" hadi wageni wa juu wakageuka,
alipiga meza mpaka pete ikamwachia alama.
Kadi moja, kaya moja, watu sita.
Hakuna tena kuuza nyavu ili mgonjwa atoke wodini.
Hakuna tena maiti kushikwa rehani.

Nyangeta Bwire akanyoosha mkono, magamba yanang'aa hadi kiwikoni.
Hakuuliza. Alihesabu.

"Mimi. Mama yangu, haoni.
Magesa, Nyamwiza, na huyu wa mgongoni.
Watatu wa marehemu dada.
Wawili wa kaka, yule ambaye mtumbwi ulirudi bila yeye.
Na Sungwa. Sungwa si damu yetu,
alitumwa kuomba chumvi akiwa na miaka saba,
hajarudi kwao mpaka leo.
Kumi na mmoja, Mheshimiwa.
Hao sita niwachague mimi,
au huko mlishawachagua?"

Spika ya kukodi ikakoroma, ikanyamaza.
Mtu alikohoa, akajuta.

Mheshimiwa aligeuza hotuba upande mweupe,
akaomba kalamu. Nikampa yangu.
Akaandika majina, moja baada ya jingine,
la Sungwa alilikosea, akalifuta, akaliuliza upya.
"Hiyo sita," alisema, si kwenye kipaza sauti,
"niliiona kwenye jedwali. Niliiona ni tarakimu."
Kisha akasema atalipeleka.
Atalipeleka: neno hilo lina mvi hapa mwaloni,
ila sikuwahi kuliona likiandikwa kwa mkono unaotetemeka.

Mwenyekiti alifunga mkutano saa kumi na dakika arobaini.
Ndivyo daftari linavyosema.
Kweli ni kwamba wingu lilisimama upande wa Ukerewe
bila kuomba mwongozo wa mtu,
na likatoa hoja yake lote kwa pamoja.
Dagaa! Dagaa! Beseni, turubai, kanga, mbio,
wa chama hiki na wa chama kile, shika huku, vuta,
na Mheshimiwa, viatu kwapani,
ameshika pembe moja ya turubai la Nyangeta,
karatasi ameing'ata kwa meno.
Sijui kama hilo huandikwa.

Kichanja kimoja kililoa. Cha mjane mwingine, hakusema neno.

Kalamu yangu iliondoka na gari.
Namalizia kwa penseli ya mwanangu, inayokwaruza.
Fomu ya wilaya, kwenye "Mengineyo",
imepigiwa mistari sita.
Nimegeuza karatasi.