Mkato Usiokata

Dundee, saa nane za usiku.
Kengele ya boila ya hospitali imelia tena,
na boila ni nzima.
Nafungua mstari alioandika Morag
wiki yake ya mwisho kazini:

salama ? washa(), hesabu() : zima(), kengele();

Katika C mkato haukati.
Unasema: fanya hili, jibu lake litupe,
kisha fanya lile; la mwisho ndilo la kubeba.
Wa kwanza katoka jasho bure?
Si bure. Kazi yake imebaki,
neno lake tu halikusikilizwa.

Kati ya kiulizi na nuktapacha
mkato una paa. Washa na Hesabu
wamelala chumba kimoja,
mabano yasiyoonekana yamewafunika.

Ukivuka nuktapacha, hakuna paa.
Zima kaingia, mlango ukafungwa nyuma yake,
na Kengele kaachwa barazani,
si wa huku, si wa kule.
Hakuna aliyempa sharti,
basi analia kila zamu,
kuwe salama, kuwe hatari.

Nikaweka mabano mawili, basi.
Vidole vyangu vilikuwa baridi kuliko kosa lenyewe.

Asubuhi nikampigia Morag. Akacheka hadi akakohoa:
"Nilitaka njia ya mkato, Mwanakheri."

Nje, mto Tay ulikuwa rangi ya bati.
Nilichemsha chai, nikaisahau, ikapoa,
nikaimwaga,
nikachemsha nyingine:
hiyo ndiyo niliyoinywa.